Mwenye Kumdai Aseme

Kola kumi, zile kokwa chungu za kutafuna, zilifika nyumbani kwa Fode Kamisoko saa mbili asubuhi, zimefungwa katika jani bichi, na mkewe Nanyuma akazipokea kwa mikono miwili kabla hajauliza ni za nani. Alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kwenye geti la hospitali, anakouza uji wa mtama, na masufuria yalikuwa bado kichwani kwa mpangaji wake aliyemsaidia kuyabeba. Aliyezileta kola ni mzee wa ukoo wa Konde. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Jeli yupo?"

"Ameenda kunyolewa."

"Basi mwambie. Jenerali amerudi. Ijumaa tunamzika."

Ndipo Nanyuma alipoelewa amepokea nini. Hapa Balandugu, kola za msiba zikishaingia mkononi huulizwi tena kama utaifanya kazi au hutaifanya. Umepokea, umekubali. Wanawake wa nyumba za jeli, wasemaji wa koo, hufundishwa hilo tangu wadogo: uliza kwanza, nyoosha mkono baadaye. Miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kukosea. Alitoka mbio mlangoni kuzirudisha, lakini yule mzee alikuwa ameshavuka barabara, anatembea taratibu kama mtu aliyetua mzigo.

Kazi yenyewe ilijulikana. Tangu enzi za babu wa babu yake, akina Kamisoko ndio wasemaji wa akina Konde. Huwataja wazee wao arusini, huwapatanisha wakigombana, na mmoja wao akifa, jeli husimama mbele ya maiti na kumwombea msamaha kwa watu. Huuliza mara tatu: mwenye kumdai aseme, aliyekosewa asamehe. Watu hujibu, "Tumesamehe," kisha maiti hubebwa. Bila hilo hakuna Mkonde aliyewahi kuzikwa.

Na Jenerali Konde alikuwa Mkonde, ingawa pia aliitawala nchi miaka ishirini na mitatu, akapinduliwa, akaishi ng'ambo miaka kumi na mmoja, akafia huko katika hospitali yenye maji, si kama hii ya Balandugu.

Nanyuma aliziweka kola juu ya mkeka, akakaa mbali nazo.

Fode aliporudi, kichwa kinang'aa kwa wembe, aliziona kabla hajaketi.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Kwa mikono miwili?"

"Sasa ningepokea kwa meno, Jeli?"

Fode alikaa. Alikuwa na miaka sabini, na kukaa chini kulimchukua muda. Alizihesabu kola kwa macho, akashusha pumzi.

"Nilijua zitakuja," alisema. "Nilikuwa naomba zinikute nimelazwa."

"Ukisimama pale ukawaomba watu wamsamehe, mimi nitajibu nini?"

"Wanawake hujibu pamoja na wengine."

"Nakuuliza mimi. Mimi nitajibu nini?"

Alisema kwa sauti ya chini, maana nyingine hakuwa nayo. Zamani ndiye aliyekuwa akiimba katika arusi zote za kuanzia mtoni hadi mpakani. Halafu shingo ikavimba, wakampasua, na tangu hapo alizungumza kama mtu aliye chumba cha pili. Fode alikuwa amezoea kumwinamia ili amsikie. Safari hii hakuinama. Alikuwa amemsikia vizuri.

Mdogo wake Nanyuma aliitwa Sidiki. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mwaka mmoja Jenerali alikuja kulifungua geti la hospitali, kwa mara ya tatu, na watoto wa shule walipangwa barabarani tangu alfajiri na vibendera mikononi. Msafara ulichelewa. Saa saba mchana watoto wawili walianguka kwa jua. Sidiki akawakusanya wote akawarudisha darasani, na Jenerali alipopita, upande mmoja wa barabara ulikuwa mtupu. Hilo tu. Wiki iliyofuata aliitwa ofisi ya wilaya kujibu maswali, asirudi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Imepita miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumwambia Nanyuma hata uongo wa maana kuhusu alikokwenda.

Alikataa kumwekea matanga. Kila walipomshauri alijibu, "Nitamlilia mtu gani? Leteni mtu nimlilie."

*

Jumatano alasiri Fode alikwenda kukaa kwa Burama Traore, fundi cherehani, kama kila siku. Nanyuma alipeleka bakuli la mchuzi wa karanga, akawakuta na birika la chai. Fundi alikuwa amezungukwa na marobota ya kitambaa cheupe. Serikali ilikuwa imeagiza kanzu mia mbili za mazishi.

"Karibu shemeji. Usikanyage taifa, limelala hapo sakafuni."

"Watakulipa?"

"Wamesema baada ya mazishi. Ndiyo maana nashona mikono mifupi mifupi, wasiponilipa hasara iwe ya mikono tu." Alicheka mwenyewe. Mtraore ni mtani wa Mkonde, na utani ulimpa ruhusa ya kusema lolote. "Na siku yenyewe nitalala juu ya jeneza. Halitoki pale mpaka wanipe jogoo. Walaji maharage hao, wanadhani watampitisha bila mimi!"

Fode alitabasamu kusikia tusi hilo la kale la watani. Nanyuma aliweka bakuli chini.

"Kumbe hata wewe utamwaga machozi."

"Nitamwaga mawili matatu. Shemeji, mimi simtetei. Lakini niambie, daraja alijenga nani? Mama yangu alinizaa ndani ya mtumbwi, katikati ya mto, mpiga kasia amegeuza uso. Leo unavuka kwa miguu yako na masufuria yako."

"Na fedha za daraja la pili?"

"Alikula."

"Na za maji ya hospitali?"

"Alikula, nani anabisha? Lakini alikula mlango ukiwa wazi. Ukipita akikuona atakuita, utapata japo mfupa. Hawa wa leo wanakula wamejifungia, hata harufu hatuipati." Alisukuma kanyagio la cherehani mara mbili. "Watu hawamlilii kwa sababu alikuwa mwema. Wanamlilia kwa sababu ya waliokuja baada yake."

"Na Sidiki?"

Cherehani ilinyamaza.

"Hilo silijui, shemeji."

"Hulijui au hulisemi?"

Burama aliutazama uzi kwenye sindano. "Yote mawili," alisema.

Nanyuma hakumchukia. Alirudi nyumbani akiwaza kwamba alikuwa amechoka hata kuchukia. Wateja wake wa uji walikuwa wakisema yaleyale tangu Jumatatu. Mwanamke aliyekuwa akinunua maji ya kumwogeshea mgonjwa, ndoo kwa ndoo, nje ya hospitali yenye picha ya Jenerali ukutani, alikuwa amejifuta machozi akasema, "Baba yetu amekufa." Nanyuma alimpimia uji wake na nyongeza. Alikuwa na hakika mwanamke yule hakuwa mjinga. Naye mwenyewe alivuka daraja lile kila asubuhi, na hakuwahi kulivuka amefumba macho.

*

Alhamisi lilikuja gari jeusi. Dereva aliliacha likinguruma, baridi isitoke ndani, na mtu wa itifaki kutoka mji mkuu akashuka, akatafuta pahali pa kukanyaga pasipo na vumbi. Aliitwa Bwana Sila. Alimpa Fode mkono, akakalia kiti pekee cha nyumba.

"Mzee wangu, televisheni itakuwa hewani moja kwa moja. Una dakika nne. Kila kitu kimeandikwa hapa."

Alinyoosha karatasi. Fode hakujua kusoma, kwa hiyo Nanyuma akaipokea. Sidiki ndiye aliyemfundisha herufi, jioni kwa jioni, Nanyuma akiwa tayari ana watoto wawili. Hakuwa amefika hata mstari wa pili, Bwana Sila akamnyang'anya karatasi kwa upole.

"Mama, hii siyo ya kufungia karanga. Hebu tuletee maji."

Fode akasema, "Mke wangu ndiye macho yangu."

"Aa, samahani." Bwana Sila hakugeuka, lakini aliirudisha karatasi.

Nanyuma aliisoma yote wakimsubiri. Mjenzi wa Daraja. Baba wa Umeme. Simba aliyelala. Alipofika mwisho aliigeuza nyuma, kulikuwa kweupe.

"Hapa hakuna ombi la msamaha," alisema.

"Anasemaje?" Bwana Sila alimuuliza Fode.

"Anasema ombi la msamaha halimo," Fode alisema.

"Limeondolewa. Kamati imeamua." Bwana Sila alifuta jasho shingoni. "Mzee wangu, wewe ni mtu mzima. Rais hana deni la mtu. Ukisimama mbele ya taifa ukauliza nani anamdai, utakuwa unawapa watu mawazo."

"Hakuna Mkonde aliyezikwa bila kuulizwa."

"Huyu hakuwa Mkonde tu." Alitoa bahasha, akaiweka juu ya mkeka kando ya kola, akasimama. "Familia imekubali. Dakika nne. Kanzu yako iwe nyeupe, kamera hazipendi mistari."

Gari lilipoondoka Fode alikaa akiitazama bahasha bila kuigusa. Nanyuma alichukua beseni, akatia maji na sabuni, akaanza kuifua kanzu nyeupe ya mumewe.

"Labda ni afadhali," Fode alisema. "Nitazisema hizo sifa zao nirudi. Hakuna atakayeuliza, nawe hutalazimika kujibu. Ndicho ulichokuwa unataka."

Nanyuma alisugua shingo ya kanzu. Akaisuuza. Akaisugua tena mahali palepale.

"Uulize," alisema.

"Nini?"

"Swali. Uulize, mara tatu, kama baba yako alivyouliza."

"Juzi ulikuwa hutaki!"

"Juzi nilidhani swali ni lao. Lingekuwa lao wasingeliondoa."

Fode alimkodolea macho. "Na wakinifunga?"

"Una miaka sabini na tumbo bovu. Watajuta kukulisha."

Alicheka, kicheko kifupi, halafu uso ukalegea. "Nanyuma. Nyumba hii iko kwenye ardhi ya akina Konde."

"Najua iko wapi. Mimi ndiye ninayeifagia."

Aliianika kanzu, akainyoosha mikunjo kwa viganja. Fode alibaki akimtazama mgongo mpaka adhana ikamwondoa.

*

Ijumaa baada ya sala, uwanja wa shule ulijaa hadi ukutani. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, limefunikwa bendera. Mawaziri walikaa kwenye viti vya kitambaa, wengi wao ni watu waliokuwa wamempindua, na wote walihutubia. Watu wa Balandugu walisimama juani. Burama alilala kweli juu ya jeneza akadai jogoo, watu wakacheka na kulia, na askari wawili wasiojua utani wakamwondoa kwa kumburuta mikono. Alirudi kundini anapangusa magoti. Hakuna aliyecheka tena.

Kisha Fode aliitwa.

Nanyuma alikuwa upande wa wanawake, mstari wa tatu. Alimwona mumewe akishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakuhitaji karatasi, alikuwa ameikariri mkewe alipomsomea. Alimtaja Jenerali na baba yake na babu yake hadi wa saba. Alilitaja daraja, na watu wakaitikia kwa mioyo yao yote. Aliutaja umeme, wakaitikia kidogo. Alisema kila alichopewa, wala hakukisema vibaya, kwa kuwa kazi yake aliijua. Bwana Sila, pembeni, alitazama saa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Fode hakuondoka.

"Watu wa Balandugu," alisema. "Huyu aliyelala hapa alizaliwa hapa. Mwenye kumdai aseme. Aliyekosewa asamehe."

Kisha, "Tumesamehe!" Sauti zilitoka kila pembe, za kina mama na za wazee, na Nanyuma alisikia kwamba nyingi zilimaanisha. Hilo lilimchosha kuliko yote.

"Mwenye kumdai—" Kipaza sauti kilikatika. Bwana Sila alikuwa ameshuka kwenye mitambo. Fode alikitazama kile chuma mkononi, akakiweka chini ardhini polepole kama yai, akasimama wima, akaita kwa kifua chake. Miaka hamsini ya kazi ilikuwa katika kifua kile. "Mwenye kumdai aseme! Aliyekosewa asamehe!"

Wachache zaidi waliitikia. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa.

Mara ya tatu hakuwatazama watu. Alitazama mstari wa tatu wa wanawake. "Mwenye kumdai aseme."

Nanyuma alisogea mbele. Akamshika bega mwanamke aliyekuwa mbele yake. Alisema, lakini hata huyo aliyemshika hakusikia vizuri. Waziri mmoja akauliza, "Kuna nini?" Askari akapiga hatua.

Kazi ya jeli, kabla ya sifa na kabla ya ngoma, ni hii: mkubwa huzungumza kwa sauti ya chini, jeli hupaza ili watu wasikie. Fode alikuwa amewapazia machifu, wakuu wa wilaya, na huyuhuyu aliyelala chini ya bendera. Alitoka penye jeneza, akapita kati ya viti vya mawaziri, akaja kusimama mbele ya mkewe. Akainama kusikia, kisha akajiinua.

"Anasema yeye ni Nanyuma Jabate!"

Akainama. Akajiinua.

"Anasema alikuwa na mdogo wake, Sidiki, mwalimu wa shule hii!"

Askari alikuwa amesimama. Huwezi kumkatiza jeli anapopaza, hata asiyejua kusoma analijua hilo, na askari yule, kwa alama za usoni, alikuwa mtoto wa huku.

"Anasema hadai fedha! Anasema anadai mahali! Aliwekwa wapi?"

Kwenye kiti cha mbele, dada mkubwa wa Jenerali, Bibi Tenin, aliyekuwa na miaka karibu tisini, alijishikilia kwenye fimbo akasimama. Alizungumza bila jeli, kwa kuwa jeli wake alikuwa upande wa pili.

"Mwanangu, sijui alipo. Ningejua ningekwambia, nife nikiwa mwepesi. Huyu," alilielekea jeneza, "nilimuuliza mambo mengi, hakunijibu. Deni tumelisikia. Liko juu yetu."

"Umemsamehe?" Fode alimuuliza mkewe. Hili hakulipaza. Aliuliza yeye.

Nanyuma alilitazama jeneza kwa muda mrefu. Kwa umbali ule lilionekana dogo. Alisogeza mdomo sikioni mwa mumewe.

Fode alijiinua.

"Anasema hapana! Lakini anasema mzikeni, jua ni kali, na waliolibeba jeneza hawajala."

*

Jumamosi dereva wa gari jeusi alikuja kuchukua bahasha. Ilikuwa palepale kwenye mkeka, haijafunguliwa. Jumapili mlinzi wa hospitali alimwambia Nanyuma ahamishe masufuria yake ng'ambo ya barabara, agizo kutoka juu, asimkasirikie. Aliyahamisha. Upande ule hakukuwa na kivuli. Wateja walivuka, si wote. Kuhusu ardhi akina Konde hawakusema neno, wala kola hawakuleta tena.

Jumatatu, akiwa anachambua mtama, alimwambia mumewe, "Waite watu Alhamisi. Tumwombee Sidiki."

Fode hakuuliza kilichobadilika. "Nimwambie nani?"

"Wanaomkumbuka. Na wewe usimame umuulizie. Naye alikuwa binadamu."

Walikuja watu kama arobaini. Nanyuma alikaa kwenye mkeka na binti zake, kichwa amekifunika. Imamu alisoma. Mahali ambapo maiti angelala palikuwa na mkeka mtupu, na watu walichunga wasiukanyage. Fode alisimama mbele yake kwa kanzu ileile.

"Sidiki Jabate alizaliwa hapa. Mwenye kumdai aseme. Aliyekosewa asamehe."

"Tumesamehe," walisema watu, kwa wepesi, kwa kuwa nani angemdai Sidiki?

"Mwenye kumdai aseme."

"Mimi namdai."

Aliyesema alikuwa nyuma kabisa, mzee mwembamba ambaye Nanyuma alimfahamu kwa sura tu: Famori, aliyekuwa akichoma matofali kando ya mto. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, akiikunja na kuikunjua.

"Alichukua baiskeli yangu," Famori alisema. "Siku ile aliyoitwa wilayani. Aliniambia ataileta kabla ya magharibi." Aliikunja kofia tena. "Watu wa wilaya walikuja kuuliza baiskeli ni ya nani. Nikasema siijui. Nikakaa kimya mpaka leo. Si kwamba naitaka. Nimeulizwa, ndiyo maana nasema. Nimemsamehe. Na yeye anisamehe mimi."

Fode alimgeukia mkewe. Nanyuma alikuwa ameshavua mtandio kichwani. Miaka ishirini na saba alijua kwamba mdogo wake alitoka nyumbani asubuhi, basi, baada ya hapo palikuwa na ukuta. Hakuwahi kujua kama alikwenda kwa miguu au alibebwa, kama alikwenda akiogopa.

Aliupapasa mkeka kando yake.

"Njoo ukae hapa, kaka," alisema, na kwa kuwa watu wote walikuwa wamenyamaza, kila mtu alimsikia. "Ilikuwa ya rangi gani?"

"Kijani. Ilikuwa na kengele mbovu."

"Alikuwa amevaa nini?"

Famori alikaa, akaiweka kofia juu ya goti, akafikiri.

"Shati jeupe. Mikono ameikunja. Nilimwambia kengele haifanyi kazi, akasema haidhuru, atapiga mluzi."

"Akapiga?"

"Alipiga mpaka kona ya msikiti."

Hapo ndipo Nanyuma alipolia.